Kipima Mionzi Kitangulie Kinu: Barua ya Wazi kutoka Malindi

Kwa Waziri wa Nishati na Petroli. Wakala wa Nishati ya Nyuklia (NuPEA). Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA). Gavana na Bunge la Kaunti ya Kilifi

Waheshimiwa,

Tunaoandika ni mafundi wa elektroniki na vipimo wa hapa Malindi, watu wa kulehemu saketi, kufunga vihisi na kukarabati vilivyoliwa na chumvi. Kuhusu kinu cha nyuklia kinachopangwa Uyombo, hapa Kilifi, kijengwe au kisijengwe, sisi wenyewe hatuna kauli moja, na barua hii haikuandikwa kuutatua ubishi huo. Tangu purukushani za Mei 2024 kule Uyombo maneno yamesemwa ya kutosha, na sasa Siaya nayo imo kwenye mazungumzo kama mahali pengine pa kukijenga. Kauli yetu moja ni juu ya kitu kidogo kuliko kinu: vyombo vya kupimia mionzi vitakavyokaa nje ya ukuta wake. Tunasema vitangulie jiwe la msingi kwa miaka miwili, visimilikiwe na mwenye kinu, na viundwe hapa Pwani na watu watakaovikarabati. Sababu zetu ni za kifundi.

Mionzi haingoji kinu. Imo kwenye udongo kwa njia ya potasiamu 40, urani na thori. Imo kwenye simenti. Inashuka kutoka angani usiku na mchana. Mahali pengi duniani kiwango chake huwa karibu maikrosiveti 0.1 kwa saa (siveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), na kazi yote iko kwenye hiyo "karibu". Mwamba wa matumbawe, kama huu uliokaliwa na Watamu na Gede, kwa kawaida una urani na thori kidogo. Mchanga mweusi unaotapakaa ufukweni upande wa Mambrui, baada ya Sabaki kuumwaga, una madini mazito, na baadhi yake, kama zirkoni, hubeba urani na thori ndani ya punje. Fundi akitembea na kipima kimoja kutoka Watamu hadi Mambrui hatarajii namba moja njia nzima, hata kama hakuna aliyekosea popote. Kwale wanacho kilima cha Mrima, ambacho thori yake ya asili inajulikana tangu zamani. Lita moja ya maji ya bahari ina potasiamu 40 ya bekereli 12 hivi, yaani atomu 12 zinazovunjika kila sekunde. Na juu ya hayo yote kuna siziamu 137 iliyomwagwa duniani kote na majaribio ya mabomu ya angani, ambayo hayakukoma hadi 1980. Nusu ya siziamu hiyo huisha kila miaka 30, kwa hiyo masalia yake bado yanapatikana kwenye udongo na matope.

Bila namba za kabla, siku kipimo kitakapopanda kila upande utachagua sababu unayoipenda: mwenye kinu atasema ni mchanga wa Sabaki, na mvuvi wa Mida atasema ni kinu. Hakuna chombo cha baadaye kitakachoweza kuamua. Kama ofisi zenu zimeshachukua vipimo hivyo, vichapisheni vilivyo, pamoja na aina ya chombo, tarehe ya kalibresheni (kukilinganisha na kiwango halali) na mahali hasa kiliposimama. Kama havijachukuliwa, vianze sasa.

Miaka miwili tunayoitaja haikuokotwa. Upepo hapa una majira yake. Kusi, kuanzia Aprili hivi, ungepeleka chochote kitokacho Uyombo juu ya Watamu, Gede, Arabuko-Sokoke na Malindi. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ungekirudisha Kilifi mjini na Takaungu. Mwaka mmoja unaonyesha kila majira mara moja, na fundi hawezi kujua kama alichokiona ni desturi ya mahali au ni ajali ya mwaka ule. Mara mbili ndiyo haba kabisa. Tunapendekeza vituo 12: Uyombo, Matsangoni, Mida, Watamu, Gede, Malindi mjini, Mambrui, Ngomeni, Kilifi mjini, Takaungu, Dida na Vitengeni. Viwili vya mwisho viko bara kwa makusudi, maana ukanda mwembamba wa pwani peke yake hausemi kitu kuhusu wingu lililovuka msitu.

Kituo chenyewe si mtambo wa ajabu. Tunachopendekeza kina mirija miwili ya Geiger, yaani mirija ya gesi inayotoa mpigo mmoja wa umeme kila inapohisi mnururisho mmoja. Wa kwanza ni mrefu na mwepesi wa kuhisi, wa aina ya SBM-20 au unaolingana nao: urefu wa sentimita 11 kasoro kidogo, volti 400, na mipigo kati ya 130 na 175 kwa dakika kwa kila maikrosiveti moja kwa saa, kutegemea chanzo unachopimia. Wa pili ni mdogo sana, hauhisi chochote siku za kawaida, na kazi yake ni siku mbaya tu. Kipimaji cha mvua, kipimajoto cha ndani ya sanduku, kumbukumbu ya ndani ya mwaka mzima, paneli ya sola ya wati 20 na betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 12. Saketi iliyoundwa vizuri hula nusu wati. Betri hiyo inaishikilia zaidi ya siku kumi bila jua. Vifaa vyote vya kituo kimoja havifiki bei ya bodaboda mpya.

Kila mrija huwa na rezista ya megaomu 5 hivi kwenye anodi, na rezista hiyo lazima ilehemiwe karibu kabisa na mrija. Ikikaa mwisho wa waya, waya unageuka kapasita, kila mpigo unabeba chaji nyingi kuliko inavyotakiwa, na mrija unachakaa mapema. Kosa jingine tunaloliona sana kwenye vifaa vilivyonunuliwa ni la kupima volti 400 kwa mita ya kawaida. Mita hiyo ina upinzani wa megaomu 10, na chanzo dhaifu cha volti nyingi kinalemewa nayo. Volti 400 zinasomeka 250. Fundi asiyejua anapandisha skrubu hadi mita ionyeshe 400. Akiondoa mita, mrija unapata volti 600 na zaidi, unavuka eneo lake tambarare (volti ambazo idadi ya mipigo haibadiliki sana), unaanza kujipigia wenyewe, na baada ya muda umekufa. Pimeni kwa kigawanyo cha rezista za gigaomu 1. Hata hiki kijambo kidogo kinafaa kuandikwa kwenye mwongozo kwa herufi nene.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo tunaomba ofisi zenu zisome polepole, kwa kuwa ndipo mipango mingi ya kengele huharibikia. Mionzi hufika ovyo ovyo, haina mapigo ya saa. Ukihesabu mipigo 25 kwa dakika moja, kosa la kawaida, yaani kiasi ambacho namba huyumba kwa bahati tu, ni kipeuo cha pili cha 25, yaani 5, na hiyo ni asilimia 20. Dakika kumi ni mipigo 250, kosa 16, asilimia 6. Saa nzima ni 1,500, kosa 39, asilimia 2.6. Sasa tuseme mmeamua kengele ilie kila kipimo cha dakika kumi kinapovuka wastani kwa makosa matatu, kama vitabu vingi vinavyofundisha. Bahati nasibu peke yake huvuka kiwango hicho mara 1.35 katika kila vipimo 1,000. Kituo kimoja hupima mara 144 kwa siku. Vituo 12 vitatoa kengele za uongo zaidi ya mbili kila siku, hakuna kinu, hakuna ajali, hakuna hata upepo. Mwezi mmoja utatosha kwa mtu wa zamu kuizima sauti.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu senti: kengele isubiri vipimo viwili vinavyofuatana kwenye kituo kilekile, au vituo viwili jirani kwa pamoja. Kwa sharti la vipimo viwili mfululizo, kengele ya uongo kwenye mtandao mzima inashuka hadi takriban moja kwa mwaka, na mnachopoteza ni dakika kumi. Kwa mpando mkubwa, kwa mfano mara kumi ya kawaida, wekeni kengele ya pili ya dakika moja isiyosubiri chochote.

Mvua nayo ina mambo yake. Hewani muna gesi ya radoni itokayo ardhini, na watoto wake, yaani atomu zinazozaliwa radoni inapovunjika, risasi 214 na bismathi 214, hushikamana na vumbi. Mvua ikinyesha inawasafisha na kuwalaza chini, na kipima kinapanda kwa robo, pengine nusu na zaidi. Masika ya Aprili na Mei yatawapa mipando hiyo mara kwa mara. Inatambulika kwa mwendo wake: risasi 214 hupungua nusu kila dakika 27, bismathi kila dakika 20, kwa hiyo mvua ikikatika namba hurudi mahali pake ndani ya saa mbili au tatu. Iodini 131, ambayo ndiyo ya kuhofiwa mapema katika ajali, huhitaji siku 8 kupungua nusu, na siziamu miaka. Ndiyo maana tunataka kipimaji cha mvua kwenye kila kituo, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote sandukuni. Mpando wenye mvua usubiri saa tatu. Mpando usio na mvua uamshe watu.

Kuna jambo jingine ambalo mabroshua ya wauzaji hayalisemi: sehemu ya mipigo haitoki kwenye mazingira. Hutoka kwenye chuma na kioo cha mrija wenyewe, na nyingine ni miale ya angani. Ili kuijua, pandisheni kipima kwenye mashua ya mbao au ya faiba, nendeni kilomita moja kutoka ufukweni mahali penye kina cha mita tatu au zaidi, mzime injini, mhesabu saa mbili. Maji yanaizuia mionzi ya ardhi, na kinachobaki ni miale ya angani na mrija wenyewe. Namba hiyo iandikwe kwenye kibandiko cha mrija na itolewe kila mara. Nchi zisizo na bahari hulazimika kufanya kazi hii ziwani; sisi tunayo Bahari ya Hindi na manahodha wasiokosa nafasi asubuhi wakati wa matlai.

Sanduku liwekwe mita moja juu ya ardhi, penye majani mafupi, mbali na kuta, na pasiwe na mchanga mweusi uliomwagwa kwa ujenzi. Sasa chumvi. Sanduku lililofungwa kabisa hupumua: mchana hewa ya ndani inapata joto na kutoka, usiku inapoa na kunyonya hewa ya bahari kupitia mpira wa waya. Baada ya miezi michache ndani muna umande wa chumvi. Kwa umeme wa kawaida hiyo ni kutu tu, lakini kwa saketi yenye megaomu na volti 400, tabaka jembamba la chumvi linakuwa rezista ya bure inayovujisha umeme. Volti hushuka, mipigo hupungua, na namba hupungua taratibu sana hivi kwamba mtu anadhani mahali pamekuwa salama zaidi. Tunapendelea kitundu chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, waya zote ziingie kutoka chini zikiwa zimening'inia kwanza, skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja 316, na mkato kwenye bodi kati ya upande wa volti nyingi na upande wa kawaida. Masalia ya risasi ya kulehemu yasafishwe kwa alkoholi kabla ya kupaka vanishi, kwa sababu vanishi juu ya uchafu huufungia uchafu ndani. Vitundu vyote vizibwe kwa wavu. Sisimizi hupenda sanduku lenye joto, na mjusi kafiri akijilaza juu ya volti 400 ataharibu kituo na nafsi yake.

Kwa sababu hiyohiyo tunawaonya kuhusu chemba za ayoni zenye shinikizo, zile duara zenye agoni ndani, ambazo washauri huzisifu. Ni vyombo vizuri mno, sahihi kuliko Geiger. Lakini mkondo unaopimwa ni chini ya pikoampea moja (sehemu moja ya trilioni ya ampea), na kihami kilichopata unyevu kinavujisha zaidi ya hapo. Nunueni moja au mbili za kulinganishia, zikae penye fundi karibu. Msizitapanye kwenye vituo 12 vya pwani halafu mkazisahau.

Mrija wa pili, ule mdogo, ndio tunaoujua kuwa utakatwa kwenye bajeti kwanza. Tafadhali msiukate. Kila mrija wa Geiger ukishapiga hupofuka kwa muda mfupi. SBM-20 hupofuka kwa maikrosekunde 190 hivi. Penye millisiveti moja kwa saa tayari unapoteza karibu theluthi moja ya mipigo, na ingawa kompyuta inaweza kurekebisha, juu zaidi marekebisho hayaaminiki. Mbele zaidi baadhi ya saketi hukwama kabisa na kuonyesha sifuri. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 kule Chernobyl, vipima vilivyokuwa mkononi mwa wafanyakazi vilikuwa na mwisho wa rontgeni (kipimo cha zamani cha mionzi) 3.6 kwa saa. Sindano ziligota mwisho, na 3.6 ikaripotiwa juu kama kipimo, wakati hali halisi karibu na jengo ilikuwa mara maelfu ya hapo. Kwa hiyo programu ya kituo ipigwe marufuku kuandika namba pale mrija unapogota. Iandike "IMEZIDI", na sifuri iliyofuata mpando iandikwe "KASORO".

Ajali hiyohiyo inatufikisha kwenye umiliki. Dunia haikuambiwa na wenye kinu. Tarehe 28 Aprili, katika kinu cha Forsmark nchini Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, kipima cha mlangoni kililia kwa viatu vya mfanyakazi, na Moscow ikatangaza jioni yake. Ujerumani leo ina mtandao wa vituo 1,700 hivi unaoendeshwa na ofisi ya serikali ya kinga dhidi ya mionzi, na namba zake yeyote anazisoma. Tunaomba mpangilio wa namna hiyo: KNRA isimamie, Chuo Kikuu cha Pwani kihifadhi data, kaunti iajiri mafundi, na NuPEA ipate namba kwa wakati uleule na mkulima wa Matsangoni. Ibara ya 35 ya Katiba inampa mwananchi haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Tena Lamu ilishawaonyesha mwaka 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: kinachofichwa mwanzoni hulipiwa baadaye. Data ghafi itolewe kila dakika kumi, pamoja na vipimo vibovu vikiwa na alama ya ubovu. Ramani yenye rangi ya kijani peke yake haisaidii mtu anayejua kusoma.

Mawasiliano yasitegemee njia moja. Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoipiga Fukushima, vituo 23 kati ya 24 vya kupima mionzi vya mkoa huo vilitoka kazini, vingine vikisombwa na vingine vikikosa umeme na mawasiliano, na ndipo hasa vilipohitajika. Watu wa kawaida walianza kupima wenyewe kwa vipima vilivyofungwa kwenye magari. Kila kituo chetu kiwe na laini za kampuni mbili za simu, na redio ya masafa marefu ya nguvu ndogo kuelekea kituo jirani. Hapa stima ikipotea minara nayo huzimika baada ya saa kadhaa. Hili hatuhitaji tsunami kulijua. Kituo cha Uyombo na cha Mida vinyanyuliwe juu ya mstari wa maji ya bamvua.

Geiger husema kiasi, haisemi ni nini. Kwa hilo inahitajika angalau vituo vitatu vyenye kristali inayomeka mionzi ikiigonga na kuonyesha nishati yake: Watamu, Malindi na Kilifi. Sodiamu iodaidi ya milimita 76 kwa 76 inatosha. Hutenganisha siziamu 137 kwenye keV 662 (keV ni kipimo cha nishati), iodini 131 kwenye 364 na bismathi ya mvua kwenye 609, ingawa hizi 609 na 662 zinakaribiana kiasi cha kuhitaji programu nzuri. Udhaifu wake ni unyevu: kristali ikipata upenyo mdogo kwenye ganda lake inageuka njano na haitibiki. Siziamu iodaidi yenye kihisi cha silikoni inavumilia zaidi na hutumia volti 30 hivi, na tungependelea hiyo kwa vituo ambavyo havina kiyoyozi. Joto husogeza mizani ya zote mbili, kwa hiyo programu ijishikilie kwenye mlima wa potasiamu 40 kwenye grafu ya nishati, keV 1,461, ambao haukosekani mahali popote. Samaki, chaza wa Mida, kaa wa mikokoni, matope na maziwa vipelekwe kwenye kigunduzi cha jemaniamu kilichopozwa, lita moja kwa sampuli, saa 24 kila moja. Kigunduzi kimoja cha kudumu Kilifi kingetosha, na naitrojeni yake ya maji au kipozaji cha umeme viingie kwenye bajeti ya kila mwaka. Jemaniamu isiyopozwa haipimi chochote.

Ya ndani ya kinu ni ya wauzaji na wakaguzi, na tutagusa mawili. Three Mile Island, Marekani, Machi 1979: taa ya chumba cha udhibiti ilionyesha valvu imefungwa, kumbe taa ilikuwa inaripoti kwamba amri ya kufunga imetumwa. Valvu ilikuwa wazi, maji yanatoka, na hapakuwa na chombo kinachopima moja kwa moja kina cha maji kwenye chungu cha kinu. KNRA idai, kwa kila kihisi, jibu la swali moja: kinapima kitu chenyewe au kinapima amri? La pili ni la hapa kwetu. Waya za vihisi vya karibu na kiini hujazwa unga wa magnesiamu oksaidi, na unga huo hunyonya unyevu kupitia ncha iliyoachwa wazi. Kwa hewa ya pwani, ncha iliyokatwa asubuhi na kuzibwa kesho yake imeshaharibika. Upinzani wake unashuka na kihisi cha nyutroni kinasoma uvujaji. Mkandarasi aliyezoea nchi kavu hatalijua hili mpaka apoteze waya za kwanza.

Tukisema viundwe hapa, hatuna maana ya kila kitu. Mrija wa Geiger wenye neoni na mchanganyiko wa halojeni hatutaupuliza Malindi, na hakuna haja. Kristali pia zitaagizwa. Kinachoundika hapa ni chanzo cha volti, saketi ya kuhesabu, sanduku, programu, na ukarabati, na hivyo ndivyo vinavyoharibika. Kituo kilichonunuliwa kikiwa kimefungwa kwa gundi na nenosiri la kiwanda kitasimama siku ya kwanza kitakapopata hitilafu, kikisubiri mtu wa kutoka ng'ambo. Kwenye hati ya zabuni andikeni hivi: michoro ya saketi ikabidhiwe, programu iwe wazi, vipuri vya miaka mitano vije pamoja na mzigo wa kwanza, na mafundi wawili kwa kila kituo wafunzwe hadi waweze kukivunja na kukiunga mbele ya mkaguzi.

Kalibresheni ya kila mwaka ifanyike kwenye maabara ya viwango ya Shirika la Viwango Kenya (KEBS), Nairobi, ambako kuna vyanzo halali vya mionzi. Mafundi hawatakiwi kuwa na siziamu yao kabatini. Lakini kati ya mwaka na mwaka kituo kinahitaji kukaguliwa, na kwa hilo kuna mbolea. Kilo moja ya potasiamu kloridi, ile potashi ya agroveti, ina bekereli 16,000 hivi za potasiamu 40 ya asili. Ijazwe kwenye chupa yenye umbo lilelile, izungushwe kwenye mrija ule ule kila mwezi, ihesabiwe saa moja. Ongezeko likipungua kwa zaidi ya asilimia 10 kutoka mwezi uliopita, mrija au volti vina ugonjwa, na kituo kitolewe kwenye ramani mpaka kitengenezwe.

Tunaloomba kwanza, kabla ya bajeti kubwa, ni vituo viwili vya majaribio, Uyombo na Mambrui, vifungwe kabla kaskazi hii haijaisha ili vikutwe na masika vikiwa kazini. Tunaomba pia KNRA itoe, kwa maandishi, masharti ya mtu binafsi au chuo kupima mionzi ya mazingira na kuchapisha namba zake, ili asije mtu akakamatwa na kipima mkononi. Michoro yetu ya saketi, orodha ya vifaa na programu ya kuhesabu tutaikabidhi bure kwa ofisi yoyote kati yenu itakayoitaka, na majibu yenu tunaomba yaje kwa njia ya wazi kama ilivyo barua hii.

Wenu,
Mafundi wa elektroniki na vipimo,
Malindi, Kaunti ya Kilifi